Kabla ya Kuwasha, Ita

Kwa nini Mzee Stefano alimpa Bonaventura kijinga cha moto? Nilijiuliza swali hilo nikiwa kijana mfyatua matofali katika bonde la Sebeya, nikalibeba hadi chuo kikuu nilikokwenda kwa kuchelewa, nikarudi nalo Gisenyi likiwa bado zima. Vitabu vya falsafa havikulitatua, wala vya dini. Sidhani kama nitalijibu katika kurasa hizi.

Ninawaandikia ninyi mnaojifunza uashi katika karakana yetu, kwa sababu juzi mmoja wenu aliniuliza kwa nini, kabla ya kuwasha tanuru, huwa ninalala kifudifudi na kuita ndani yake kama mtu aliyepotewa na mbuzi. Wenzake walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Sijafikia umri wa mkongojo, ila mgongo wangu umekwisha kuamua kwamba kazi imetosha, na tanuru zijazo mtazichoma bila mimi. Basi ni haki mjue mlichokicheka.

Ninyi mmekulia kwenye saruji, kwa hiyo nianze na tanuru lenyewe. Letu halikuwa chumba cha kudumu. Lilikuwa matofali mabichi yaliyopangwa juu kwa juu hadi kupita kimo cha mtu, kisha likakandikwa udongo nje kote. Chini tuliacha njia nne ndefu, zimezibwa upande wa nyuma, na kila moja mtu aliweza kuingia kwa kutambaa. Tuliziita midomo. Humo ndimo zilimowekwa kuni, na humo ndimo moto ulimolishwa bila kukatika mpaka tofali la juu kabisa liive.

Moto wa tofali hautaki ushujaa. Mwanzoni unataka moshi tu, ili maji yatoke katika udongo polepole. Ukiwa na haraka, maji yanachemka ndani ya tofali na kulipasua. Mimi na Bonaventura tulijifunza hilo kwa aibu. Tulianza kazi msimu mmoja, tukafyatua bega kwa bega, tukala chungu kimoja cha maharage. Yeye alibatizwa pale misheni iliyomiliki kiwanda, na Mzee Stefano, mkuu wa tanuru, ndiye aliyemsimamia kama baba yake wa ubatizo. Wakati mmoja mzee alikwenda Kanama kumzika ndugu yake, akatuachia moto. Mvua ilikuwa ya baridi, nasi tukaona moto mkubwa utatumaliza kazi mapema na kutupasha joto pia. Baada ya muda matofali yakaanza kulia ndani: pa, papa, pa.

“Sha, rafiki, nafikiri yanaiva,” Bonaventura akasema.

Mzee Stefano alirudi akiwa bado amevaa koti la mazishi. Alisimama, akatega sikio. “Munapika bisi?” akauliza.

Hakutupiga wala kututukana. Alitoa rozari mfukoni akatupa kipimo ambacho yeye mwenyewe alikitumia maisha yake yote, maana hakuna kati yetu aliyekuwa na saa: Salamu Maria kumi, kisha mkono mmoja wa kuni katika kila mdomo, halafu Salamu Maria kumi tena. Bonaventura, mwimbaji mzuri kuliko wote katika kwaya, alisali kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na nyuki, na moto ukaanza kupanda tena. Mzee akamgusa begani. “Bona, Mama Maria hakimbizwi.”

Nitasema kweli: wakati huo niliona kipimo kile ni saa ya maskini tu. Nilikuwa Mkristo wa Jumapili, mwenye shati safi. Sikufahamu kwamba mtu aliyelisha moto kwa sala kwa miaka mingi hatimaye anakuwa na mikono inayosali yenyewe, hata pale kichwa kinapokuwa kimejaa giza.

Sasa hiyo desturi mnayoicheka. Bonde lile ni la baridi, na tanuru lililo tupu hukinga upepo. Watoto wa akina mama waliotuletea maji na udongo walilala midomoni mchana. Mbuzi waliingia. Walevi pia. Kulikuwa na mlevi mmoja wa kijiji cha jirani, mume wa mwanamke mkali, na siku moja tulipoita kabla ya kuwasha, sauti ikajibu kutoka ndani kabisa: “Kama ni muke wangu, mi nimekufa. Kama ni ingine mutu, leta maji.” Tulimvuta kwa miguu akiwa amekumbatia kibuyu chake.

Tulicheka mpaka tukakaa chini, isipokuwa Stefano. Yeye aliketi akatazama mdomo ule kwa muda mrefu. Kanuni yake ilikuwa moja na haikuwa na punguzo: mwenye kuwasha ndiye anayeita, kwa kinywa chake mwenyewe, katika kila mdomo, na hatumi mtu. Na watoto wote wa kiwandani aliwafundisha upande wao wa kanuni. Ukiitwa mdomoni, itika. Hata kama umeiba kitu, hata kama mama yako anakutafuta na fimbo, itika kwanza. Mtoto aliyeitika alipewa kiazi kitamu kilichochomwa majivuni. Mgawaji wa viazi alikuwa Bonaventura. Kipenzi chake alikuwa Domina, binti mdogo wa Kandida mchota maji, mtoto aliyeingia tanuruni bila usingizi wowote, kwa ajili ya kiazi tu.

Kisha Bonaventura akaacha kazi yetu akaenda kwenye shamba la kahawa la Mzungu mmoja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Vyama vya siasa vilikuja, mikutano ikaja, na watu waliosalimiana kwa kukumbatiana wakaanza kutazamana kwenye pua na urefu wa shingo. Mimi na Stefano tuliandikwa Wahutu katika vitabu vyetu vya utambulisho, na Bonaventura vilevile. Kandida aliandikwa Mtutsi. Nilikuwa nimefanya naye kazi kwa misimu mingi bila kulifikiria neno hilo. Mwaka ule nilianza kulifikiria, na hata hilo lilinishtua.

Asubuhi moja ya Novemba tulikuwa tumekwisha kupanga na kukandika tanuru jipya, kuni zikiwa zimelundikwa kando. Mmoja wetu akaonyesha moshi juu ya vilima vya upande wa Kanama. “Wenzetu wamewasha,” akasema. Palikuwa na wachoma matofali wengine huko, na sisi sote tulitazama kwa wivu wa kazi, tukikosoa jinsi moto wao ulivyopanda upesi. Kulikuwa na moshi wa pili, kisha mwingine. Hata nilisema, “Matofali yao yatapasuka yote.” Hebu fikirini: nilisimama nikitazama nyumba za watu zikiteketea, nami nikatoa maoni ya ufundi.

Stefano alikinga macho kwa kiganja. “Ule si moshi wa kuni,” akasema. “Ni majani ya paa.”

Wenzetu waliacha vibao vya kufyatulia palepale walipokuwa, wakakimbilia kwao. Tulibaki wawili, na mara Kandida akatokea kwenye njia ya maji bila mtungi, mtoto mchanga mgongoni, Domina mkononi. Mguu wake mmoja ulikuwa na kiatu. Nyumba yake ilikuwa imechomwa. Mumewe alikuwa Goma, akifanya kazi bandarini, na yeye alitaka tu kufika kwa mumewe, lakini barabara ilikuwa na watu wenye marungu.

“Wananifuata, Muzee,” alisema. “Nilisikia wanataja jina yangu.”

Stefano akamwonyesha tanuru. “Mudomo ya tatu. Ingia mpaka mwisho.”

Niliwasukumia fungu la kuni nyuma yao ili pasionekane kitu, nikaacha nafasi ya hewa. Nilikuwa bado nimeshika gogo walipofika.

Walikuwa kundi la wanaume waliojifunga majani makavu ya migomba kiunoni na kichwani. Wengine sikuwajua. Wengine niliwajua vizuri. Mmoja wao alikuwa amepokea Komunyo mbele yangu Jumapili iliyotangulia. Aliyetangulia, mwenye kijinga cha moto mkononi, alikuwa Bonaventura. Nataka mwelewe jinsi mshtuko unavyofanya kazi: sikuona adui. Niliona rafiki yangu amevaa kichekesho, na midomo yangu ikaanza kutabasamu yenyewe.

“Muzee,” alisema bila kumtazama machoni.

“Mutoto wangu. Unarudia kazi?”

Baadhi walicheka. Mtu mmoja mrefu nyuma yake hakucheka. “Tunatafuta ule mwanamuke wa maji.”

“Leo hajaleta maji,” Stefano akajibu, na hilo lilikuwa kweli.

“Nyayo zake zinakuya hapa. Iko ndani ya tanuru.” Mtu yule akaupiga teke ukuta wa udongo. “Kama iko tupu, washa. Sisi tutaangalia.”

Mikono ya Stefano ilikuwa nyuma ya mgongo wake. Mimi nilisimama upande wake, kwa hiyo niliona wao wasichokiona: kidole gumba kilikuwa kikitembea juu ya vidole vingine, kimoja baada ya kingine, polepole, kama kwenye punje za rozari. Hakuharakisha. Nilikuwa nikitazama kidole hicho kama mtu anayezama anavyotazama ukingo.

“Sawa,” akasema. “Tanuru iko tayari. Lakini mi mukono inatetemeka, itaharibu kazi. Bona, moto iko kwako. We washa.”

Stefano akaendelea kwa sauti ileile aliyotufundishia kazi: “Desturi unaijua. Mwenye anawasha ndiye anaita.”

“Muzee, hatukuya kucheza hapa.”

“Na mi sichezi. Nilikufundisha mahali hapa hapa. Ita.”

Yule mrefu akasema kwa dharau, “Aite basi, twende.” Wakasogea nyuma kidogo, maana mbele ya midomo palikuwa na tope la kukandikia na hakuna aliyetaka kulikanyaga. Bonaventura akanikabidhi kijinga nimshikie. Alilala kifudifudi, akaingiza kichwa katika mdomo wa kwanza. “Mutu iko?” Kimya. Akatambaa hadi wa pili. “Mutu iko?” Kimya.

Mdomo wa tatu aliuita kwa sauti ya chini zaidi. Nilikuwa nimepiga magoti kando yake, na kwa hiyo nilisikia. Sauti ndogo, iliyofunzwa vyema, ikajibu:

“Iko. Ni mi, Domina.” Kisha, kwa sababu alikuwa ameitambua sauti: “Bona, umeleta kiazi?”

Halafu kitu kikaziba kinywa chake; nilijua ni kiganja cha mama yake.

Nimesimulia jambo hili mara chache. Bonaventura hakutoa kichwa. Mabega yake hayakusogea. Nilikuwa nimeshika moto, na kwa muda ule sikuwa na wazo lolote, sala yoyote, wala jina la Mungu. Nilikuwa mtupu kama debe. Kitu pekee kilichokuwa kikienda duniani kilikuwa kidole cha Stefano.

Hatimaye Bonaventura alitoka, akatambaa hadi mdomo wa nne, akauita nao, kama kanuni inavyotaka. Aliposimama uso wake ulikuwa na vumbi jekundu, isipokuwa chini ya macho.

“Tupu,” alisema.

“Basi washa,” yule mrefu akajibu.

“Udongo bado mubichi. Ukiwasha leo itapasuka yote, na Padri atajua ni nani ameharibu.” Alinyakua kijinga mkononi mwangu akakizamisha topeni. Kisha akamgeukia Stefano, na kwa mara ya kwanza akamtazama machoni. “Kesho asubuhi, Muzee. Nitakuwa juu kule. Nataka kuona moshi yake.”

Wakaondoka. Stefano alingoja mpaka majani ya migomba yasisikike tena, kisha akakaa ndani ya tope lenyewe.

“Muzee, ulijua mutoto ataitika?” nikamuuliza. Nilikuwa na hasira, hasira juu yake.

“Nilijua nimemufundisha kuitika,” alisema. “Na nilijua nimemufundisha Bona kuita. Yenye ilikuwa katikati, sikuijua. Ile nilimuachia Mungu.”

Hilo ndilo jibu alilonipa, na hakuongeza neno mpaka alipokufa. Wengi wenu mtaliona ni jibu zuri. Mimi nimekaa nalo miaka mingi nami bado sijui. Je, ile ilikuwa imani, au ilikuwa kuweka uhai wa mtoto juu ya jiwe la sadaka na kungoja? Kama Bonaventura angesema “yuko,” ningeiitaje leo? Miaka mingi baadaye nilimuuliza Domina mwenyewe, sasa mama wa watoto huko Goma. Anakumbuka sauti ya rafiki yake na hamu ya kiazi. Hofu haikumbuki hata kidogo. Na Bonaventura alirudi kanisani baada ya misukosuko kutulia, akaketi nyuma kabisa, na sikumsikia akiimba tena. Siku ileile, baada ya kutoka kwetu, nyumba nyingine iliungua kwenye kilima kinachofuata. Sijui kama alikuwako. Sikuwahi kumuuliza, wala yeye hakuwahi kuniambia. Kwa hiyo msiifanye habari hii kuwa hekaya ya mtu mwovu aliyegeuka mwema.

Ninachoweza kukisema kwa hakika ni kidogo. Nilimwona Stefano, mtu mzima, akiwa na hofu kama yangu, pengine kubwa kuliko yangu, maana aliwajibika kwa wote. Na hofu ile haikumwondoa mahali alipokuwa. Tangu siku hiyo sikuisali tena rozari kama saa. Naisali kama mtu anayelisha moto: sijui lini utahitajika, kwa hiyo hauachwi uzimike.

Jioni ile jua likiwa bado kwenye migomba tulimtoa Kandida. Stefano alitaka kuwapeleka kanisani misheni, ambako wengine walikuwa wamekwisha kujaa. Mimi nikakumbuka kwamba kesho yake lori la Saidi, mfanyabiashara wa Kiislamu wa mtaa wa Waswahili mjini, lilikuwa lije kuchukua matofali yaliyoiva kwa ajili ya ujenzi wa duka Goma. Nikasema tupange shehena kama tunavyopanga tanuru: mdomo mmoja katikati, umezibwa nyuma.

Stefano alinitazama, kisha akamtazama Kandida, akamwachia yeye neno.

“Mi siingii tena katikati ya matofali,” Kandida alisema. Sauti yake haikuwa na machozi, ilikuwa kavu. “Leo nilisikia tanuru inaitwa, na mi niko ndani. Mukono yangu ilichelewa kwa kinywa ya mutoto. Munasikia? Ilichelewa.”

Hatukumshawishi. Stefano alianza sala kwa sauti ndogo, nami nikaitikia, na baada ya mafungu mawili nikasikia sauti ya tatu imejiunga nasi. Tulipomaliza, Kandida alimvuta Domina magotini mwake.

“Kesho tunaenda kwa papa yako, Goma,” akamwambia. “Tutakuwa ndani ya matofali. Hata ukiitwa na Bona, hata na Muzee, hata na mimi, usiitike.”

Mtoto akamtazama Stefano ili athibitishe, kwa sababu yeye ndiye aliyetunga kanuni. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akageuka akatembea hadi kwenye lundo la kuni. Hakulia mbele ya kundi la watu wenye marungu. Pale alilia.

Kulipokucha Saidi alifika, akalizunguka lori lake, akaona tulivyopanga. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini asubuhi ile alitumia machache. “Mi napakia matofali tu,” alisema. “Yenye Mungu ameweka chini yake, mi sijaona. Mafundi, mumeacha pumzi?” Nikamwonyesha mianya. Akapitisha kiganja mbele ya mmoja wao, kama anayepima upepo, akasema “Bismillahi,” akawasha injini. Tulisikiliza mpaka sauti ilipoishia kwenye kona ya kuelekea Gisenyi.

Ukabaki moshi wa tanuru. Juu ya kilima mtu alikuwa akiungoja. Stefano akachukua kijinga kutoka motoni, akanipa mimi.

“Tanuru tunajua iko tupu, Muzee,” nikamwambia.

“Najua.”

Nikalala kifudifudi katika tope lililokuwa na alama za viwiko vya Bonaventura. Niliita mdomo wa kwanza, nikangoja. Niliita wa pili. Katika wa tatu niliita mara mbili, nikangoja kwa muda wa Salamu Maria kumi. Niliita wa nne. Hakuna aliyeitika. Kisha nikawasha.